Kofia ya Jino Hutolewaje?

Mzee mmoja wa kwetu alifanya kazi mjini miaka mingi, akarudi kijijini na kofia ya dhahabu juu ya gego lake. Mwaka jana jino lile likaanza kumwuma chini ya kofia. Yeye akaona si taabu, akaenda kuazima koleo la fundi baiskeli. Bahati njema mkewe alimnyang'anya. Wasomaji wapenzi, ni kwa ajili ya koleo lile ninaandika haya.

Kofia ya jino, iwe ya dhahabu au ya kaure, hugandishwa kwa saruji yake juu ya kisiki cha jino kilichochongwa. Daraja ni kofia mbili au zaidi zilizounganishwa, zikibeba jino la bandia mahali penye pengo. Vitu hivi vimekusudiwa visitoke. Lakini jino likioza chini yake, au mzizi ukihitaji kutibiwa, pengine hapana budi vitolewe.

Waganga wa meno wana njia nyingi. Iko ndoano yenye kijiti na uzito unaoteleza: ndoano hushika ukingo wa kofia, uzito hupiga mwisho wa kijiti, na kofia huvutwa kwa vishindo. Yafaa kwa kofia iliyogandishwa kwa saruji ya muda tu. Ikiwa imeshika sana, vishindo vyaweza kuvunja kisiki, au kulegeza jino ambalo ufizi wake ni mgonjwa. Tena wagonjwa hawaipendi hata kidogo! Iko mashine ya kutetemesha saruji, nayo humwagiwa maji jino lisipate moto. Wengine hutoboa tundu dogo ubavuni, hutia ufunguo mwembamba na kuuzungusha, kofia ikainuka nzima. Tundu likizibwa, pengine kofia hurudishwa.

Hata hivyo, kofia ikiwa imeshika kweli kweli, waganga wengi hupendelea kuikata. Hupitisha mfereji toka ufizini upande wa shavu hata juu ya jino, hutia chombo kidogo mferejini na kukizungusha, saruji ikapasuka na kofia ikafunguka kama ganda la karanga. Dhahabu ni laini, hukatika upesi. Zirkonia ya siku hizi yataka ncha ya almasi na subira.

Hapo ndipo ugomvi huanza. "Bwana Mganga, usiivunje mali yangu!" Ni haki mtu kulilia fedha yake. Lakini kofia nyingine yaweza kutengenezwa, na mzizi ukipasuka wima, kwa kawaida jino hung'olewa. Mimi ningekubali ikatwe, kisha ningeomba vipande vya dhahabu.

Daraja lina hila zaidi. Huenda upande mmoja umeachia na wa pili umeshika, mwenyewe asijue, hasa kama jino lile halina uhai tena. Mate na chakula huingia chini, jino likaoza kimyakimya. Mganga hulibonyeza daraja na kutazama: mapovu yakitoka ukingoni, saruji imekwisha kuachia. Na kofia ikidondoka yenyewe, ihifadhi uende nayo hospitali. Usiibandike kwa gundi ya dukani.

Yule mzee alichomwa sindano ya ganzi, akakatiwa kofia yake. Vipande vya dhahabu amevifunga kitambaani, na koleo limerudi kwa fundi baiskeli.