Betri, Jina na Haki ya Kusafiri kwa Ndege

Tahadhari kabla ya hatari, walinena wahenga. Kauli hii yamhusu mno msafiri anayetembea kwa kifaa chenye betri kinachovaliwa mwilini. Kifaa hicho chaweza kuwa mguu bandia wenye kompyuta ndogo gotini, mathalan C-Leg uliozinduliwa mwaka 1997. Chaweza pia kuwa kiunzi chenye mota kinachofungwa kiunoni na miguuni, kama vile ReWalk, ambacho Marekani iliidhinisha mwaka 2014 kitumiwe nyumbani na waliopooza miguu.

Kiini cha tatizo ni betri. Betri ya lithiamu ikipondeka, au ncha zake zikiunganishwa na chuma, huweza kupata joto lisilozuilika na kuwaka. Moto huo ukizuka tumboni mwa ndege, miongoni mwa mizigo, hakuna awezaye kuufikia. Ukizuka walimoketi abiria, wahudumu huuona na kuumwagia maji. Ndiyo maana abiria hutakiwa kuingia na betri za akiba mwenyewe, ncha zake zikiwa zimefunikwa.

Uwezo wa betri hupimwa kwa wati-saa, yaani volti mara ampea-saa. Betri ya volti 36 na ampea-saa 5 ina wati-saa 180. Kwa mujibu wa kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), kifaa cha kawaida chenye betri isiyozidi wati-saa 100 hakihitaji kibali. Kikizidi 100 hadi 160, sharti kampuni ya ndege ikubali. Kikipita 160, abiria haruhusiwi kukibeba. Hata hivyo, kifaa cha kumwezesha mtu kutembea kina kanuni yake: betri inayochomolewa huruhusiwa hadi wati-saa 300, ikibebwa pamoja na abiria kwa idhini ya kampuni.

Hapa ndipo jina linapokuwa na uzito. Kifaa chenye betri ya wati-saa 180 kikiitwa "mashine" tu, mwenyewe huenda akaachwa uwanjani. Kikitambuliwa kuwa msaada wa kutembea, husafiri. Kwa hivyo, ni busara msafiri aijulishe kampuni mapema, awe na barua ya daktari na maelezo ya mtengenezaji yanayotaja wati-saa.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Haki hiyo hutimia pale afisa anapojua kukiita kifaa kwa jina lake.