Mahaba ya Mkahawani na Msomaji wa Butembo

Wachapishaji wa Marekani na Uingereza wana ada ya miaka mingi kwamba, ukaribiapo mwezi wa Juni, hutoa riwaya nyepesi za mapenzi zikusudiwazo watu waliojilaza ufukoni mwa bahari, nazo hazimtaki msomaji jambo jingine ila akae na apendezwe. Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo ulio hatua chache kutoka mstari wa Ikweta, juu ya milima ipitayo mita 1,700, haina bahari wala kiangazi cha namna hiyo; ina vakanse kubwa, tangu Julai hata shule zifunguliwapo Septemba, wakati ambapo vumbi hukaa juu ya mabati na asubuhi humlazimu mtu kuvaa koti. Ndipo riwaya za Harlequin za Kifaransa, zilizokwisha poteza majalada, hupita mkono kwa mkono baina ya wanafunzi waliokwisha kufanya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na ambao hawana kazi nyingine ila kungoja majibu.

Miongoni mwa riwaya hizo za ufukoni za Marekani, iliyozua maneno mengi ni Sweetbitter ya Stephanie Danler, iliyotolewa na nyumba ya Knopf mnamo Mei 2016. Mwandishi alikuwa mhudumu wa mikahawa mjini New York, na inajulikana kwamba alimtajia habari za mswada wake mteja wa kila mara wa mkahawa wa Buvette, ambaye alikuwa mhariri mashuhuri. Mswada ukapata njia kutoka mezani pale. Hadithi ni ya Tess, msichana wa miaka 22, aingiaye New York Juni 2006 bila kumjua mtu, akaajiriwa katika mkahawa wa fahari uliofananizwa na Union Square Cafe, ambako Danler mwenyewe aliwahi kutumika. Humo anafunzwa kupanga sahani tatu juu ya mikono miwili, kunusa divai kabla ya kuionja, na kumeza chaza wabichi aliofunguliwa ndani ya chumba cha baridi na Jake, kijana wa baa, ambaye ndiye atakayemtia wazimu wa mahaba. Ilhali Simone, mhudumu mkongwe amfundishaye divai, ana fungamano la zamani na kijana huyo huyo.

Wasomaji waligawanyika. Waliopendezwa walisifu ladha na harufu zilivyoandikwa hata mtu akatamani kula ukurasa. Wengine walichoshwa na Tess kumkodolea macho Jake, wakaona sukari imezidi katika maneno. Waliowahi kutumika jikoni na mezani walishuhudia kwamba ulevi wa baada ya zamu, usingizi wa saa chache na ukali wa mpishi mkuu ni mambo ya kweli. Mnamo 2018 stesheni ya Starz iliifanya tamthilia ya televisheni, ikadumu misimu miwili. Kwa rai yangu, walioipenda kwa habari za kazi walikuwa na haki kuliko walioipenda kwa habari za mapenzi, maana Jake ni uso mzuri tu, na uso mzuri haujazi kurasa zote hizo.

Kitabu cha mapenzi kugombewa si jambo geni kwetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ilizuiwa shuleni Tanzania kwa muda, kisha ikarudi kufundishwa humo humo. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, iliyotoka 2014 na ambayo mambo yake hukutania katika baa na mkahawa mmoja wa mji wa machimbo, ilipata tuzo ya Etisalat ya 2015, na wakati huo huo ikalaumiwa na baadhi ya wasomaji kwa jinsi ilivyowachora wanawake.

Lakini kila nchi humsomesha msomaji wake mambo ambayo kitabu hakikuyatia. Kwa Wanande, wenyeji wa sehemu hizi, mapenzi hayahesabiwi kuwa yamefika mahali mpaka mbuzi wa mahari wahesabiwe baina ya jamaa mbili, na karamu ya siku hiyo hupikwa uani, si hotelini. Mkahawa wa hoteli ni mahali pa matajiri warudio kutoka Dubai na Guangzhou, wanaonong'onezana bei za makontena juu ya samaki wa Ziwa Edward. Kijana na mchumba wake hula kwenye vibanda vya malewa, fufu na sombe, na bei waijua kabla hawajavuta kiti. Ndiyo maana msomaji wa huku, akiwakuta ashiki na maashuki mbele ya divai, kabla hajauliza kama wapendana huuliza nani alipaye.

Na Beni, mji jirani wa Butembo, swali hilo lina uchungu wake. Ebola ilipotangazwa Agosti 2018, hoteli za Beni na Butembo zilijaa wataalamu na maofisa wageni waliolipwa kwa dola, na ajira za upishi, ufagiaji na uhamasishaji zikawa riziki adhimu kwa wanawake wenyeji, hata maradhi yalipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, yakiwa yameua watu zaidi ya 2,200. Septemba mwaka huo wanawake zaidi ya 50 waliwasimulia waandishi wa habari jinsi walivyodaiwa miili yao ndipo wapewe kazi, au wasifukuzwe. Na Septemba 2021 tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitaja watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa wameajiriwa na shirika lenyewe.

Kwa aliyeyasikia hayo nyumba ya pili tu kutoka kwake, hadithi ya msichana mgeni wa kazi, meza zenye vitambaa vyeupe na mwanamume ajuaye zaidi yake haiwezi kuwa burudani ya vakanse peke yake. Nadhani msomaji wa Beni, akitiwa Sweetbitter mkononi, atampita Jake upesi, naye macho yake yatamwandama Howard, meneja aliyemwajiri Tess, na kila aingiapo ukurasani atataka kujua amekuja kutafuta nini.