Hana Deni, Lakini Ameuliziwa Sana

Ukurasa wa mwisho wa ripoti ile ulikuwa na orodha fupi. Kushoto tarehe, katikati jina la mkopeshaji, kulia sababu ya kuulizia: ombi jipya la mkopo. Ombi jipya la mkopo. Ombi jipya la mkopo. Mistari tisa imefuatana, na tarehe ni mbili tu, Alhamisi na Ijumaa ya wiki moja. Mwenye ripoti ni muuza mitumba wa Kongowea, Mombasa, na kurasa zilizotangulia hazina doa. Kila mkopo aliowahi kuchukua ameulipa. Safu ya siku za kuchelewa imejaa sifuri kutoka juu hadi chini. Hata hivyo benki ilikuwa imemnyima pesa za kununua robota mbili za nguo za watoto.

Ripoti hiyo nilionyeshwa na afisa wa mikopo wa Sacco moja mjini humo, mama aliyekaa miaka mingi kwenye benki kabla ya kuhamia ushirika. Aliomba jina lake na la Sacco yake yasitajwe kwa kuwa hana kibali cha kuzungumza na waandishi. Mwenye ripoti naye aliridhia niione mradi nisimtaje. Nilikuwa nimemwendea mama huyu kwa habari nyingine kabisa, ya wadhamini wanaoachiwa madeni na wenzao. Katika kupekua faili akaitoa hii, akaifungua mwishoni na kuigonga kwa kidole.

“Hapa ndipo watu wetu wanapoumia,” akasema, “na hawana habari.”

Habari za CRB, yaani kampuni zinazotunza rekodi za mikopo, kila Mkenya anazo, hasa aliyewahi kutafuta kazi ya serikali akaambiwa alete cheti cha kuonyesha hadaiwi. Zenye leseni ya Benki Kuu ni pamoja na TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kinachosahaulika ni kwamba tangu kanuni za mwaka 2013 wakopeshaji hupeleka huko taarifa nzuri pamoja na mbaya. Anayelipa vizuri yumo, anayekwepa yumo, na aliyelipa akamaliza miaka mitatu iliyopita bado yumo. Deni lililocheleweshwa hadi likahesabiwa kuwa chechefu, yaani limepita siku 90, hubaki kwenye rekodi miaka 5 hata baada ya kulipwa.

Hayo muuza mitumba wetu aliyajua. Ndiyo maana alikuwa mwangalifu, na ndiyo maana alikwenda benki kifua mbele.

Mama akanisimulia ilivyokuwa. Alhamisi asubuhi mwenye mzigo alimpigia simu kwamba robota zimefika na bei imepoa, lakini hatazishikilia zaidi ya Jumatatu. Jamaa akafungua apu moja ya mikopo kwenye simu, ikampa kiwango cha shilingi 3,000. Hizo hazinunui hata kamba ya robota. Akafungua ya pili, ikamkatalia. Ya tatu ikamwambia asubiri. Akapakua nyingine, na nyingine, akijaza nambari ya kitambulisho, akibonyeza “nakubali” bila kusoma, kama tunavyofanya sote. Jioni akajaribu na huduma za mikopo za benki zinazopatikana ndani ya simu. Ijumaa akaendelea. Hakupata hata shilingi moja aliyoitaka, na ile 3,000 hakuichukua. Jumatatu akavaa shati safi akaenda benki.

“Yeye alidhani anatazama bei,” mama akasema. “Kumbe kila alipobonyeza, mtu alikwenda kumuulizia. Na kila anayeulizia anaacha alama ya mguu.”

Nikamuuliza kosa liko wapi, ikiwa mtu hakukopa. Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi.

“Wewe ni mwenye duka hapa Kongowea. Umemwona mtu ameingia maduka manane asubuhi moja kuomba mali kwa mkopo, na sasa anakuja kwako. Utampa?”

Nikamwambia huenda wale wanane walimnyima, kwa hiyo hana deni la mtu.

“Huenda. Na huenda wote walimpa. Utajuaje?”

Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Ombi linapofika, mkopeshaji huvuta ripoti na ulizo lake huandikwa papo hapo. Mkopo wenyewe, ukitolewa, huchelewa kuonekana, kwa sababu benki nyingi hupeleka taarifa zao mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo afisa wa benki siku ile ya Jumatatu aliona maulizo tisa mapya, na hakuona jibu la hata moja. Ripoti haisemi “alinyimwa”, wala haisemi “alipewa akakataa”. Inasema aliuliziwa, basi. Ndani ya pengo hilo afisa hujaza hofu yake mwenyewe: labda mtu huyu tayari ana mikopo tisa midogo ambayo bado haijafika kwenye karatasi. Akihesabu hivyo, mshahara au mauzo hayatoshi, na ombi linawekwa kando.

“Mimi mwenyewe nimewahi kukataa watu kwa sababu hiyo nikiwa benki,” mama akasema bila kupepesa. “Sikuwa na njia ya kuhakikisha. Na hakuna aliyenilazimisha kuwapigia simu kuwauliza.”

Alama za kupima ukopaji nazo zina mchango wake. Metropol, kwa mfano, hupima kuanzia 200 hadi 900, na aliye chini ya 400 huhesabiwa kuwa ameshindwa kulipa. Malipo ndiyo yenye uzito mkubwa, kisha kiasi unachodaiwa, umri wa mikopo yako, na humo ndani yamo maombi mapya. Lakini kila ulizo linapunguza alama ngapi? Mama hajui. Anachojua ni kwamba kampuni mbili humpa mtu mmoja alama mbili tofauti, na fomula ni siri ya kila nyumba. Marekani, ambako mchezo huu ulianza zamani, kampuni ya FICO inasema wazi kwamba ulizo moja kwa watu wengi hupunguza chini ya alama tano, na kwamba ukitafuta mkopo wa nyumba au gari kwa wakopeshaji kadhaa, katika fomula zake mpya maulizo ya siku 45 huhesabiwa kuwa moja, kwa kuwa wanaelewa mnunuzi ana haki ya kulinganisha riba. Hapa kwetu, muuza mitumba aliyelinganisha kwa siku mbili alitendewa kama mtu anayezama. Sioni kwa nini anayetafuta riba nafuu ya robota astahili heshima ndogo kuliko anayetafuta ya jumba.

Serikali haijakaa kimya katika mambo ya CRB, tukubali. Aprili 2020, baada ya watu kuchafuliwa majina kwa deni la shilingi mia mbili, Benki Kuu ilizuia kuripotiwa kwa madeni ya chini ya shilingi 1,000 na kuzinyang’anya apu zisizosimamiwa ruhusa ya kupeleka taarifa. Sheria ya wakopeshaji wa kidijitali ikaja mwishoni mwa 2021, leseni za kwanza 10 zikatolewa Septemba 2022. Novemba mwaka huo ukaanza mpango wa kusafisha majina, benki zikipunguza nusu ya madeni madogo ya simu yaliyokuwa yamekwama. Yote hayo yalimlenga aliyeshindwa kulipa. Asiyeshindwa, aliyeulizia tu, hakutajwa.

Na kuna jambo la ridhaa. Kisheria mkopeshaji hutazama taarifa zako kwa sababu halali, na ridhaa yenyewe imo katika yale masharti marefu ambayo kidole hupita juu yake. Je, kugusa kitufe cha “angalia kiwango chako” ni kuomba mkopo? Mama amekuta apu ambazo hukagua bila kuacha ulizo la mkopo, na nyingine ambazo huandika ombi kamili mtu akiwa hajataja hata kiasi anachotaka. Skrini ya simu haikuambii unashika ipi. Nilimuuliza nani anapaswa kuweka tofauti hiyo wazi. Akatazama dirishani, akasema swali hilo niwapelekee wakubwa.

Lugha nayo. Ripoti ya muuza mitumba ilikuwa ya Kiingereza tupu, imejaa vifupisho na nambari za hali ya akaunti. Soko zima la Kongowea linaendeshwa kwa Kiswahili, simu inakopesha kwa Kiswahili, vitisho vya kuchelewesha malipo huja kwa Kiswahili sanifu kabisa. Inapofika zamu ya mtu kusoma alichoandikiwa, lugha inageuka.

Wanachama wake mama amewapa utaratibu wake. Kabla ya kujaza fomu yoyote, ulizia vigezo kwa mdomo: riba, muda, dhamana, na kama watavuta ripoti. Chagua mkopeshaji mmoja, subiri jibu. Ukinyimwa, usikimbilie mwingine siku hiyohiyo. Dai uambiwe sababu. Ukiona deni usilolijua, andikia kampuni ya CRB barua ya kupinga na ubaki na nakala. Benki ikitaka kukupeleka huko kwa deni, inatakiwa ikupe notisi ya siku 30 kwanza, kwa hiyo ujumbe huo usiufute. Na kujisomea ripoti yako mwenyewe hakukupunguzii kitu, maana hujaomba mkopo kwa mtu.

Muuza mitumba aliambiwa akae miezi mitatu bila kugusa apu yoyote, kisha arudi. Robota zilichukuliwa na mwingine Jumatatu ileile. Mama alimwandikia ombi la mkopo wa Sacco, ambako akiba na wadhamini wake wanafahamika, na wakati naandika makala haya kamati ilikuwa haijaketi.

Wewe unayesoma, kanuni zinakupa haki ya nakala moja ya ripoti yako bila malipo kila mwaka kutoka kwa kampuni hizi. Cheti cha kuonyesha hudaiwi ni kitu kingine na hicho huweza kuwa na ada yake. Usikubali kuuziwa kimoja kwa jina la kingine. Omba ripoti sasa, wakati huhitaji mkopo wa mtu.