Nairobi hadi Kigali kwa ndege: umbali, muda na tofauti ya saa

Ratiba ya ndege kutoka Nairobi kwenda Kigali humshangaza anayesafiri mara ya kwanza. Ndege ikiondoka saa 10:00 asubuhi, ratiba huweza kuonyesha inafika saa 10:30. Safari ya kurudi, ikianza saa 10:00, humfikisha Nairobi saa 12:30 mchana. Ratiba haina kosa. Kila saa huandikwa kwa majira ya mahali husika, na Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Muda halisi kwenda au kurudi ni takriban saa moja na nusu.

Umbali

Kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta hadi uwanja wa Kigali ni takriban kilomita 755 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo hukatiza mkoa wa Mara nchini Tanzania, Ziwa Victoria na mkoa wa Kagera. Lori haliwezi kupita ziwani. Hulizunguka kwa kaskazini kupitia Malaba au Busia, Kampala na Gatuna, zaidi ya kilomita 1,100. Kwa hiyo anayekadiria mafuta ya lori asitumie umbali wa ndege.

Kwa nini saa moja na nusu?

Ndege ya jeti huenda kilomita 750 hadi 850 kwa saa ikiwa juu, hivyo mtu angetarajia safari isiyozidi saa moja. Lakini ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya pili. Ndani yake mna kutembea uwanjani, kupaa na kushuka, hatua ambazo hazifanyiki kwa kasi ya juu.

Saa mpakani

Dereva wa lori naye ahadhari. Uganda hutumia saa moja na Kenya, hivyo saa haibadiliki Malaba wala Busia. Hubadilika Gatuna: ikiwa saa sita mchana upande wa Uganda, upande wa Rwanda ni saa tano. Wakala na dereva wakipeana miadi, wataje ni saa za nchi gani. Vinginevyo mmoja atasubiri saa nzima, au mwenye shehena atakuta ofisi ya Nairobi imefungwa ilhali Kigali bado ni saa za kazi.

Uzito wa mzigo

Kwa ndege, mzigo mkubwa lakini mwepesi hutozwa kwa ujazo. Kanuni inayotumika sana ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 hutoa kilo 20. Hata likiwa na kilo 12 kwenye mizani, mwenyewe atalipia 20. Likizidi 20, atalipia uzito wa mizani. Wasafirishaji wa vifurushi wengine hugawa kwa 5,000, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kufunga mzigo.

Mwenye maua, samaki au vipuri vya haraka ajumlishe pia muda wa kukabidhi mzigo, ukaguzi na forodha kabla ya kumwahidi mteja. Saa moja na nusu ni sehemu ya angani tu.