Hisia Isiyotambuliwa na Mwili Unaoitikia: Utangulizi

Chukua mkulima wa hapa Siakago katika mwaka ambao mvua za Oktoba zimekatika mapema, ndengu na kunde zimekauka shambani, na shule inadai karo. Anafika hospitalini akisema tumbo linamchoma, usingizi umepotea na moyo unamdunda. Anapimwa na hapatikani na ugonjwa. Akiulizwa kama ana wasiwasi, anajibu, "Hapana daktari, ni hili tumbo tu." Usikimbilie kudhani anaficha. Huenda anasema ukweli wote anaoujua.

Ili umwelewe, tenganisha mambo matatu ambayo kwa kawaida huja pamoja: kinachotokea mwilini, kutambua kwamba kinatokea, na kukipa jina, kama hofu au huzuni. Somo letu linaanzia pale mambo hayo yanapoachana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Peter Sifneos, daktari wa akili mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Boston, aliipa hali hiyo jina la aleksithimia, yaani ugumu wa kutambua na kueleza hisia zako mwenyewe, huku fikira zikielekea zaidi kwenye mambo ya nje. Aliiona hasa kwa wagonjwa waliolalamikia miili yao.

Hapa wengi hukanganyikiwa. Mwenye aleksithimia hakosi hisia. Wala hafanani na mzee anayejikaza asilie matangani, kwa maana mzee huyo anajua fika kwamba ana huzuni. Tena si ugonjwa. Ni tabia ya mtu yenye viwango: huyu anayo zaidi, yule anayo kidogo.

Sasa tuingie mwilini. Mwitikio wa msongo ni jinsi mwili unavyojiandaa kukabili tishio, nao hupitia njia mbili. Ya kwanza ni ya neva: kwa sekunde chache tu, tezi za adrenali zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio na tumbo likapunguza kazi yake. Ya pili ni ya polepole. Haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo, huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziagiza adrenali kutoa kotisoli. Hii ni homoni, yaani kemikali inayobeba ujumbe katika damu, na kazi yake mojawapo ni kuongeza sukari ya kutumiwa na mwili. Ikishatosha, ubongo huihisi na kusitisha agizo. Zingatia hili, kwa sababu ndio msingi wa kila kitu kitakachofuata: hakuna hatua hata moja hapo inayongoja wewe ujue unahisi nini.

Je, kutambua kuna faida gani basi? Ushahidi mmoja ninaoupenda sana ulitoka hapa hapa Kenya. Tangu 1978 mtafiti Robert Sapolsky alikuwa akiwachunguza nyani wa eneo la Maasai Mara, akiwalaza kwa mshale wa dawa ili awatoe damu. Katika utafiti aliouchapisha na mtafiti mwenzake Justina Ray mwaka 1992, madume ya vyeo vya juu yaliyoshindwa kupambanua tishio la kweli na mpinzani anayejipitia tu yalikuwa na kotisoli nyingi zaidi hata yakiwa yametulia. Nyani si watu, na hakuna aliyewapima aleksithimia. Lakini unaona kwamba namna ya kulisoma jambo inahusiana na homoni.

Kwa binadamu wenye aleksithimia, matokeo ya tafiti kuhusu msongo hayajakubaliana. Baadhi ya tafiti zinaonyesha mwili unaoitikia sana huku mwenyewe akiripoti msongo kidogo. Nyingine zinaonyesha mwili ulio katika hali ya tahadhari wakati wote, na nyingine mwitikio dhaifu. Kwa maoni yangu, sehemu ya tatizo ni kipimo. Dodoso linalotumika zaidi, la Toronto, lina maswali 20, na linamtaka mtu asiyezijua hisia zake atuambie jinsi asivyozijua.

Jambo linalotia moyo ni hili: mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake wa Los Angeles walionyesha kwamba kuitaja hisia kwa jina hupunguza shughuli ya amigdala, sehemu ya ubongo inayoshtukia hatari. Kwa hiyo, ukishahakikisha kwamba vidonda vya tumbo na presha vimepimwa ipasavyo, usianze na "Unahisi nini?" Uliza moyo ulianza kumdunda saa ngapi, nani alikuwepo, na habari gani ilikuwa imefika nyumbani siku hiyo, ili mgonjwa aifikie hisia yake polepole na kuipa jina.