Tuwafungie Mbu Njia, Tusiifungie Hewa

Anayekaa Kisorya, mkabala na kisiwa cha Ukerewe, hahitaji kuelezwa habari za wadudu. Jua likizama mbu huanza kuimba masikioni. Kuna siku vijidudu vya ziwani huja makundi makundi kama moshi na kujaa kwenye taa. Panya nao hufuata dagaa na mihogo mikavu iliyowekwa ndani. Mwezi huu tuitazame nyumba yenyewe: inawaruhusu wapi wageni hawa, nasi tuwazuieje?

Mbona tuna vyandarua?

Chandarua ni kinga kubwa, wala hatusemi kiachwe. Lakini humkinga yule tu aliyelala ndani yake. Mama anayeosha vyombo saa mbili usiku, mtoto anayefanya kazi za shule mezani, babu anayesikiliza redio, wote hao bado hawajaingia chandaruani. Nyumba iliyozibwa vizuri huwakinga wote kwa pamoja.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1900 madaktari Louis Sambon na George Low walikaa miezi kadhaa karibu na Ostia, Italia, sehemu iliyojaa malaria. Kila jioni waliingia katika kibanda chenye nyavu madirishani na milangoni, wakatoka asubuhi. Hawakumeza kwinini, na malaria haikuwapata, ingawa wenyeji wa jirani waliugua.

Huko Gambia, utafiti uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika nyumba za kawaida watoto 19 kati ya kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Katika nyumba zilizowekewa nyavu walikuwa 12 tu. Kila mzazi wa Kanda ya Ziwa anajua maana yake: malaria inapomaliza damu ya mtoto mdogo, maisha yake yamo hatarini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza nyumba ziwekewe nyavu.

Mlango mkuu wa mbu

Wengi wetu hufunga dirisha mapema tukadhani tumemaliza. Kumbe mbu wa malaria akigonga ukuta hupanda juu, na huko hukuta mwanya kati ya ukuta na paa. Huo ndio mlango wake mkuu, nao haufungwi usiku wala mchana.

Je, tuuzibe kwa udongo au matofali? Hapa tuwe waangalifu. Nyumba ya bati isiyo na hewa huwa tanuri. Joto likizidi, watu hufungua milango au kutupa vyandarua pembeni, na mbu hupata nafasi. Yafaa mwanya huo uwekewe wavu, upepo upite na mbu abaki nje.

Hatua kwa hatua

1. Mchana, funga milango na madirisha, simama ndani gizani. Kila unapoona mwanga unapenya, mdudu naye hupenya. Usisahau mikunjo ya bati juu ya ukuta.

2. Tumia wavu wenye vitundu visivyozidi milimita 1.5. Ukandamize kwa mbao nyembamba na misumari midogo pande zote, usije ukalegea. Funika pia vitundu vya hewa juu ya madirisha.

3. Kama paa ni la nyasi, au fedha ni kidogo, weka dari ya majamvi ya mafunjo. Katika eneo la mashamba ya mpunga magharibi mwa Kenya, dari za namna hiyo zilipunguza mbu wa malaria ndani ya nyumba kwa zaidi ya robo tatu. Mafunjo huota kando ya ziwa letu.

4. Chini ya mlango pigilia kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, uguse sakafu. Kwa ajili ya panya, ongeza ukanda wa bati, maana mpira atautafuna.

5. Tundu la panya lijaze nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, kisha saruji. Hata tundu linaloingiza kidole kidogo tu humtosha panya mchanga. Dagaa na nafaka viwekwe katika vyombo vyenye mifuniko.

6. Ziba nyufa za ukuta na sakafu. Humo hujificha kunguni, nge na papasi, ambao hutoka usiku kuuma watu na huleta homa ya papasi.

Onyo

Nyumba ikishazibwa, hatari ya moshi huongezeka. Kamwe tusilale na jiko la mkaa chumbani, hata kama makaa yamefifia. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo imeua familia nzima usingizini. Jikoni paachwe njia kubwa ya kutolea moshi.

Tena, wavu uliotoboka hauna faida. Tuukague kila mwezi na kushona palipochanika siku hiyo hiyo.

Si lazima nyumba nzima ikamilike kwa siku moja. Tuanze na chumba wanacholala watoto. Tukipata fedha ya mavuno, tuendelee na sebule, halafu vyumba vingine. Chandarua kiendelee kutundikwa, na mtoto akipata homa apelekwe zahanati mara moja, kwani hata nyumba nzuri haizuii kila mbu.