Ultrasaundi si Mionzi

Kipimo cha ultrasaundi hufanyika aghalabu katika idara ya mionzi, pamoja na eksirei. Ndiyo maana baadhi ya watu hukiita "mionzi". Jina hilo lapotosha. Mjamzito wa Manyoni au Kiomboi, mkoani Singida, aliyesikia kuwa mionzi hudhuru mimba, aweza kukikwepa. Kumbe chombo hutoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde, yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mwangwi wake ndio unaofanywa picha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mjamzito apimwe hivyo mara moja kabla ya kutimiza wiki 24. Kwa hiyo twawasihi wafasiri na walimu wa wakunga waseme "ultrasaundi", wakieleza kuwa ni "picha ya mwangwi". Neno "mionzi" tuiachie eksirei.